Masika yakikaribia: maji kwanza, mbegu baadaye

Kaskazi ikishaanza kulegea na joto la mwisho wa Februari likawakesha watu barazani, wenye bustani nyuma ya nyumba huanza kuulizana habari za mbegu. Nani ana mbegu ya bamia? Nani alibakiza ya mchicha? Maswali hayo ni mazuri, ila ni ya mapema. Katika ukanda unaopata masika kuanzia Machi hadi Mei, yaani Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja, Pemba na kupanda hadi Mombasa, swali la kutangulia ni hili: mvua ikinyesha usiku kucha, maji yatapita wapi? Bustani nyingi za nyumbani zinazokufa msimu huu haziuawi na kiu. Mbegu husombwa kabla hazijaota, mizizi huoza kwa kukosa hewa, na udongo uliotiwa samadi kwa jasho huishia mtaroni.

Kwa wenzetu wa Dodoma, Singida au Mtwara, ambako msimu wa mvua ni mmoja na huanza Novemba au Desemba, kazi ni zile zile, kalenda tu ndiyo tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla ya msimu, kanda kwa kanda. Usikilize, kwa sababu tofauti ya wiki mbili katika kuanza kwa mvua yatosha kukupotezea kitalu kizima.

Siku za mwisho za jua

Anza kwa kuzunguka kiwanja bila jembe mkononi. Tazama alama zilizoachwa na mvua za vuli: mahali mchanga ulipojikusanya, mahali ardhi ilipochimbika chini ya bati, kona ambayo majani makavu yamerundikana kwa kuletwa na maji. Alama hizo zinakuchorea ramani. Mstari unaodondokewa na maji ya paa usiupande chochote. Uwekee kokoto au vipande vya matofali ili matone yasichimbe. Kisha chimba mfereji wenye kina cha kiganja kimoja au viwili, uyaongoze maji kuelekea mtaro wa mtaa. Usiyaelekeze kwa jirani. Ugomvi mwingi wa uswahilini masika huanzia hapo, na mboga za bure hazilipi ujirani ulioharibika.

Jambo moja halina mjadala. Mboga zipandwe upande wa juu wa shimo la choo na karo, kamwe si upande wa chini. Mashimo hujaa mvua zikizidi, na yanayofurika hubeba vijidudu na mayai ya minyoo moja kwa moja hadi kwenye majani utakayoyachuma kesho. Mahali palipomwagwa oili chafu ya gari, rangi za zamani au betri mbovu pia paachwe. Panda maua hapo, si chakula.

Wakati wa kiangazi wengi wetu hulima matuta yaliyodidimia ili maji ya ndoo yasitoroke. Kwa masika geuza mpango: inua tuta sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa njia. Upana usizidi mita moja, ili ukichuchumaa pembeni mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Udongo uliokanyagwa ukiwa umelowa hushikamana, na mizizi hukosa pumzi. Acha njia pana ya kutosha mguu na ndoo.

Ukanda ulio karibu na bahari una kichanga, na kichanga kina tabia yake. Maji hupita haraka, na mbolea hupita nayo. Ukimwaga samadi yote siku ya kwanza, mvua tatu kubwa zitaipeleka chini kusikofikiwa na mizizi ya mchicha. Weka nusu sasa, nusu nyingine wiki tatu baada ya mimea kushika. Kipimo cha kuanzia ni debe moja la lita 20 la samadi kavu ya ng'ombe au mbuzi, iliyooza vizuri, kwa kila mita mbili za mraba. Ya kuku ina nguvu zaidi, kwa hiyo nusu debe inatosha, na iwe imefunikwa na kuoza kwa mwezi mmoja na nusu angalau. Ikiwa mbichi huunguza mizizi. Wanaonunua mbolea ya mabanda ya kuku wa nyama waangalie maranda. Maranda mabichi yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni iliyomo kwenye udongo, na mboga hugeuka njano huku mwenyewe akishangaa mbolea yote ile imekwenda wapi. Yarundike, yalowe, uyageuzegeuze, uyangoje yapoe na kuwa meusi.

Wenye udongo wa mfinyanzi wana kazi nyingine: ulimwe kabla haujalowa. Chukua konzi moja, uifinye. Ikiwa inameguka ukiigusa kwa kidole, lima. Ikiwa inateleza na kung'aa kama udongo wa kufinyangia vyungu, rudisha jembe ndani.

Kabla hujasahau, safisha mfereji wa bati na utafute pipa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25, ni lita 1,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano kwa kurukaruka na kuvuja, zinabaki 800. Mtu anaweza kuuliza maji ya kuhifadhi masika ni ya nini. Ni kwa sababu masika yana mapengo: mvua hukatika siku sita au saba, jua la Aprili likatoka kali, na miche yenye mizizi mifupi ikanyauka mchana mmoja. Maji ya mwanzo ya msimu yaache yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndiyo ukinge. Pipa lifunikwe kwa chandarua kisicho na tundu. Sababu nitaieleza mbele.

Mvua ikishashika

Wazee husema mvua ya kwanza ni ya kupandia. Kwa mahindi, kunde na choroko ni kweli kabisa: mbegu zao ni nzito, hukaa ulipoziweka. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko kichwa cha pini, na mvua ya kwanza ya Machi mara nyingi ni ya kishindo. Mchicha uoteshe baada ya udongo kulowa na kutulia. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu ili zisirundikane, chora vistari vyenye kina cha nusu sentimita, sentimita 15 hadi 20 kutoka kimoja hadi kingine, nyunyiza, funika kwa udongo laini. Juu yake tandaza nyasi kavu kidogo ili matone yasizifukue. Siku ya tatu au ya nne funua jioni. Ukichelewa, miche itarefuka kutafuta mwanga na kulala. Wiki ya tatu au ya nne unaanza kung'oa iliyosongamana, hiyo ndiyo mboga ya kwanza, na inayobaki unaikata juu ichipue tena. Usioteshe tuta zima siku moja. Robo leo, robo baada ya wiki mbili, na nyumba haitakaa bila mboga.

Zawadi kubwa ya masika, hata hivyo, ni vitu vinavyopandwa kwa kipande cha shina. Hewa ina unyevu, jua limepunguza ukali, na kipande kisicho na mizizi kinaweza kuishi wiki mbili kikijitafutia. Matembele ndiyo mfalme hapa. Omba marando kwa jirani, yenye urefu wa sentimita 25 hadi 30, toa majani ya chini, zika theluthi mbili ukihakikisha vifundo viwili au vitatu vimo ardhini. Baada ya mwezi mmoja hivi unachuma vichwa, na kila ukichuma yanatawanyika zaidi. Mtu akiniambia ana nafasi ya tuta moja tu na hana muda, namwambia apande matembele. Hayahitaji mbegu ya dukani, hayachagui udongo, na yanafunika ardhi isipigwe na mvua.

Muhogo kwa ajili ya kisamvu nao hupandwa sasa, pingili za sentimita 20 hivi juu ya tuta, si bondeni. Kisamvu cha mpira, ule mti unaosimama uani miaka mingi, huota vilevile kwa kipande cha tawi. Majani yake yana sumu ya asili inayotoweka kwa kutwangwa na kuchemshwa sana, kwa hiyo usikubali mpishi mwenye haraka. Mchaichai uliozeeka na kujaa majani makavu ung'oe wote, ugawe vishina vinne au vitano, ukate majani yabaki shibiri moja, uvipande upya. Utapata chai yenye harufu mara mbili ya ule wa zamani.

Bamia loweka usiku mmoja, panda mbegu mbili kwa shimo, bakiza mche ulio na nguvu. Ikianza kuzaa, takriban miezi miwili baadaye, usiipe nafasi: ichume kila baada ya siku moja au mbili, ingali na urefu wa kidole. Tunda likikomaa mtini, mmea hudhani kazi imekwisha na kuacha kutoa maua. Ngogwe na pilipili zianzie kitaluni, kwenye kopo pana au sinia kuukuu lililotobolewa, uliweke chini ya upenu ambako mvua haipigi. Miche ikilala ghafla usawa wa udongo na shina likawa jembamba kama uzi, hicho ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda maji mengi na msongamano. Punguza miche, punguza maji, ongeza hewa.

Mpapai unahitaji neno lake. Hauvumilii miguu kukaa majini; siku mbili za maji yaliyotuama zatosha kuuozesha mizizi. Upande juu ya kichuguu. Panda miche mitatu shimo moja, kwa sababu mipapai iliyooteshwa kwa mbegu ina madume na majike na huwezi kuijua mpaka itoe maua. Maua ya dume hujitokeza kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Ya jike yamebana kwenye shina. Hapo ndipo unapochagua wa kubaki.

Kuhusu nyanya nitasema wazi: kwa bustani ndogo isiyo na paa, ziahirishe. Majani ya nyanya yakilowa kila siku hushambuliwa na ukungu, na mkulima wa nyumbani hujikuta ananunua dawa zenye bei kubwa kuliko nyanya zenyewe. Ukilazimika, ziegemeze kwenye miti, kata majani yote yanayogusa ardhi, tandaza nyasi chini ili tope lisirukie juu.

Wageni wa masika

Baada ya mvua mbili tatu hutoka konokono wakubwa. Wamekuwa hapa siku zote. Konokono mkubwa wa Afrika asili yake ni ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki, na ni kutoka huku alikosafirishwa hadi India na visiwa vya Pasifiki, ambako amekuwa balaa. Huyu hapigwi dawa. Toka na tochi saa mbili usiku, vaa mfuko wa plastiki mkononi, waokote uwatie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mfuko ni wa lazima, kwa kuwa konokono huweza kubeba vimelea vinavyodhuru ubongo wa binadamu; kwa sababu hiyo hiyo mboga za masika zioshwe jani kwa jani, na watoto wasichezee utelezi wao. Asubuhi inua mbao, mawe na vyungu, uwatafute waliojificha pamoja na mayai yao, meupe kama shanga.

Sota hukata miche usiku karibu na ardhi na kuiacha imelala. Fukua kwa kidole pembeni ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja sentimita moja au mbili chini. Vidukari, wale wadogo wanaojazana chini ya majani ya bamia na kunde, huondolewa kwa kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ukinyunyizia chini ya jani walipo. Kwa viwavi tumia mwarobaini: kilo moja ya majani mabichi yaliyotwangwa, lita tano za maji, yalale usiku kucha, uchuje kwa kitambaa na kutia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja nguvu dawa hiyo, na urudie mvua ikiiosha. Sumu za dukani usizipeleke kwenye mchicha. Kila sumu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mboga inayochumwa kila siku mbili haina siku hizo.

Magugu yote yanang'oka kirahisi udongo ukiwa umelowa, isipokuwa ndago. Ukiikata kwa jembe, vile vitunguu vyake vidogo vilivyoachwa chini vitachipua kila kimoja na mmea wake. Ichimbue kwa uma wa bustani au kwa panga, ufuate uzi hadi kitunguu cha mwisho, na usiitupe kwenye lundo la mboji. Lakini kabla ya kupalilia, chungulia. Mgagani, mnavu na mchunga hujiotea vyenyewe masika, na kuna nyumba zinazotupa mboga nzuri asubuhi na kwenda kununua kabichi jioni.

Sasa lile suala la chandarua. Mbu anayeeneza homa ya dengue huuma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyosimama katika vyombo vidogo. Dar es Salaam imepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi kwenye joto letu, kwa hiyo mzunguko mmoja kwa wiki unatosha kuwakata. Uani tafuta vifuu vya nazi, makopo, sahani za chini ya vyungu, na zaidi ya vyote matairi. Tairi lililogeuzwa kuwa bustani hubaki na maji ndani ya ukingo wake. Lijaze udongo hadi kwenye ukingo huo au ulitoboe chini. Kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai hubandikwa kwenye ubavu wa chombo juu kidogo ya maji na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi, yakingoja kulowa. Sugua chombo kwa brashi. Sahani za vyungu zitie mchanga; unyevu utabaki na mbu hatapata pa kutagia.

Yasiyoliwa

Nimeona bustani zilizopangwa vizuri ambazo wenyewe hawakai humo hata dakika tano. Hilo linanisikitisha, kwa sababu masika ndiyo majira ambayo ua wa nyumba unastahili kigoda. Pandikiza asumini sasa: kipande cha shibiri moja kutoka tawi lisilo changa wala gumu, kivulini, kwenye udongo wenye mchanga, na usikivutevute kila siku kuangalia mizizi. Ukikua, upeleke karibu na dirisha au kibaraza, maana maua yake hufunguka jioni na harufu hupanda giza likiingia. Mrehani ukate matawi yanayotaka kutoa mbegu, uyachomeke hapo hapo, mengi yatashika. Mwenye asumini, mrehani na mkilua uani ana kikuba cha shughuli yoyote bila kwenda sokoni, na nyuki wanaofuata maua ya mrehani watapitia pia maboga na matango yako, ambayo bila wao hayazai.

Mgomba ukitoa mkungu, usilikate ua siku ya kwanza. Chozi watakuja asubuhi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda na rangi ya kumeremeta, kunyonya utamu. Watoto wape kipande chao cha tuta, hata kama ni upana wa ungo, na mbegu ya kunde au choroko ambayo huota ndani ya siku tatu nne. Mchicha una mbegu ndogo mno kwa vidole vyao na uvumilivu wao. Wachague wenyewe wapande wapi, na wakipanda mbegu kumi shimo moja, waache waone zitakavyogombana.

Mei ikielekea mwisho na kusi imeshika, mvua hupungua na udongo huanza kukauka juu. Hapo acha miche miwili au mitatu ya mchicha, ile iliyo mizuri kuliko yote na si iliyobaki kwa kusahauliwa, itoe mashuke. Yakianza kudondosha mbegu ukiyapiga kiganjani, yakate, yaanike kwenye mkeka kivulini, yapukuse, yapepete, utie mbegu kwenye chupa kavu pamoja na majivu kidogo, uandike mwezi na mwaka. Wiki hiyo hiyo anzisha kitalu cha nyanya, kwa mfano Tanya au Tengeru 97, mbegu zenye lebo na tarehe kwenye pakiti, ili baada ya wiki tatu au nne miche iingie ardhini Juni, kipupwe kikiwa kimeanza na majani yakiweza kukauka kabla ya jua kuchwa.